Baiskeli, mlima na msuguano: ya kijiweni na ukweli wake

"Anko, breki zilikuwa zinapiga kelele, nikazipaka grisi."

Kijana aliyeniambia hivyo alifika kibandani kwangu Mombo, ninapotengeneza baiskeli, akiisukuma baiskeli yake kwa mkono. Goti limechubuka, na kandambili moja imelika soli upande, maana ndiyo iliyobaki kuwa breki. Nilipitisha kidole kwenye rimu, kikatoka cheusi. Kilichomponza ni dhana ya wengi: kwamba msuguano ni adui wa baiskeli popote ulipo, na dawa yake ni mafuta.

Inategemea uko wapi. Kwenye gololi za ekseli, kwenye pedali na mnyororo, msuguano unakula jasho lako bure, kwa hiyo huko tia grisi au oili usiogope. Lakini kati ya raba ya breki na rimu, na kati ya tairi na ardhi, bila huo msuguano huna baiskeli. Unapokanyaga pedali, tairi la nyuma linaisukuma ardhi kurudi nyuma, na ardhi inakusukuma wewe mbele. Kwenye tope la masika umeona inavyokuwa: gurudumu linazunguka, wewe hutoki ulipo.

Wapo wanaodhani tairi linalobingirika linasugua barabara muda wote. Pita asubuhi penye udongo mbichi uangalie alama. Maua ya tairi yamechapwa safi kama muhuri, kwa sababu pale linapogusa chini, kwa nukta ile tairi limetulia kabisa, halitelezi. Aliyefunga breki ghafla utamjua: maua yamefutika, umebaki mfereji laini. Tairi likishaanza kuteleza, linashika ardhi kidogo kuliko lilipokuwa linabingirika.

Sasa mbona tairi lenye upepo kidogo ni zito hivyo? Ni mpira kujikunja. Kila mzunguko linabonyea na kurudi, na nguvu inayopotea humo inageuka joto. Ila wengine huruka kwenda upande wa pili: wanajaza upepo mpaka tairi liwe jiwe. Kwenye lami nzuri linabingirika vizuri kweli. Kwenye njia ya mawe, tairi gumu halimezi kokoto, linaipanda, na kila kokoto unakuwa umeinua baiskeli, mzigo na wewe mwenyewe.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na humo unapanda karibu mita 1,000. Mtu akishindwa mlima huo huja kwangu akisema baiskeli imekauka, nimwekee mafuta. Naweka, pesa napokea, lakini namwambia ukweli. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 80, kwenye mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100. Graviti, yaani mvutano wa dunia, inamvuta nyuma kwa nyutoni 47 hivi (nyutoni ni kipimo cha nguvu). Tairi zuri lililojaa upepo kwenye lami linamdai nyutoni 4 au 5. Hata ningeondoa msuguano wote, mlima uko palepale. Afadhali apunguze mzigo kwenye karia.

Ubishi mkubwa ni wa kushuka. Mnene na mwembamba wakiachia breki pamoja, nani anatangulia? Wasiosoma wanasema mnene, kwa kuwa dunia inamvuta zaidi. Waliosoma wanacheka: vitu vyote huanguka sawa, mwanaanga David Scott aliachia nyundo na unyoya mwezini mwaka 1971 vikatua pamoja. Mwezini hakuna hewa, hapa Soni, njiani kwenda Lushoto, ipo. Kwa hiyo anayetangulia ni mnene, ila sababu wanayoitoa wasiosoma siyo. Ni kweli anavutwa kwa nguvu zaidi, lakini pia ni mzito zaidi kuongezewa mwendo, na hayo mawili yanafutana. Linalobaki ni hewa. Hewa haijali kilo zako, inajali kifua unachoitegea. Mwenye uzito mara mbili hana kifua kipana mara mbili, basi upepo unamzuia kidogo ukilinganisha na kilo zake. Na upepo huo una tabia mbaya: ukizidisha mwendo mara mbili, wenyewe unazidi mara nne.

Mwenye mzigo asifurahie mapema. Tairi lake linaishika lami zaidi kadiri uzito unavyoongezeka, lakini kiganja chake kinachokamua breki ni kilekile. Hebu tupige hesabu. Kilo 150 zikishuka mita 1,000 zinaachia nishati ya kutosha kuchukua lita 4 za maji ya mtungini mpaka yachemke. Anayekimbia anaigawia hewa sehemu kubwa. Anayeshuka polepole, karibu yote inaishia kwenye raba nne za breki na rimu, ndiyo maana ukishika rimu pale chini unaruka. Mvua ikinyesha, raba juu ya rimu ya chuma iliyolowa hushika kidogo sana, hivyo kamua mapema.

"Usiguse breki ya mbele, itakupindua." Hii imeumiza watu kuliko hiyo breki yenyewe. Ukifunga breki, uzito mwingi unalalia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na kuserereka. La mbele ndilo lenye uwezo wa kukusimamisha. Rudisha makalio nyuma, kamua zote mbili taratibu. Kwenye mchanga au kona ya tope, hapo kweli ya mbele iogope.

Kuhusu baiskeli kusimama eti kwa sababu magurudumu yanazunguka: mwaka 2011 watafiti wa Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, walionyesha kibaiskeli chenye magurudumu ya ziada yanayozunguka kinyume ili kufuta nguvu hiyo. Kikasukumwa bila mtu, kikaenda bila kuanguka. Kikiinama, usukani wake ulijipinda wenyewe upande uleule.

Yule kijana nilimwoshea rimu kwa sabuni ya unga mara tatu, raba nikazipiga msasa. Ile kelele ilikuwa raba moja tu iliyokaa mshazari.