Goti Limevimba: Maswali na Majibu

Goti langu limevimba. Nianzie wapi?

Anza na saa. Goti lililofura ndani ya saa mbili hivi tangu uanguke au ulipinde vibaya mara nyingi limejaa damu: huenda kano imekatika au mfupa umepasuka. Hilo ni la hospitali siku hiyohiyo. Likivimba taratibu, labda kesho yake baada ya kupiga magoti sana, aghalabu ni ute wa kiungo ulioongezeka, na hapo unaweza kujihudumia nyumbani.

Barafu au maji ya moto?

Siku mbili tatu za mwanzo, barafu. Ifunge kwenye kitambaa kwa sababu barafu tupu huunguza ngozi. Iweke dakika 15 hadi 20, kisha rudia baada ya saa mbili au tatu. Maji ya moto na kuchua kwa nguvu huzidisha uvimbe. Najua wa nyumbani watataka kulikanda kwa mapenzi tu, waombe wasubiri.

Je, nilale tu?

Pumzika, lakini usiligandishe. Inua mguu upite usawa wa moyo, na mto ukae chini ya kigimbi na kisigino, si chini ya goti. Goti linalokaa limekunjwa kutwa nzima huzoea hivyo, na kulinyoosha baadaye huwa kazi kubwa. Tena msuli wa mbele ya paja hulegea upesi goti likivimba. Basi keti kitandani, nyoosha mguu, kaza paja huku ukiligandamiza goti kwenye godoro, hesabu hadi tano, legeza. Rudia mara kumi, ukiacha ikiwa maumivu yanazidi. Ukitembea na fimbo, ishike kwa mkono wa upande wa goti zima.

Na bandeji?

Ile inayovutika inafaa. Vidole vya mguu vikifa ganzi au vikiwa baridi, ilegeze mara moja.

Dawa gani?

Parasetamoli hutuliza maumivu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ibuprofeni usiitumie bila kumwuliza mhudumu wa afya ikiwa una mimba, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo.

Lini nisingoje?

Goti likiwa la moto na una homa, nenda leo, usilale nalo. Bakteria wakiingia kwenye kiungo huweza kuharibu gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, kwa siku chache tu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo weka mgongo wa kiganja juu ya goti hilo, kisha juu ya lingine, ulinganishe joto. Nenda pia usipoweza kuukanyagia mguu, goti likikwama, au kigimbi kikivimba na kuuma, maana huenda damu imeganda kwenye mshipa. Mtoto, au mwenye selimundu, apelekwe mapema.

Uvimbe usiopungua baada ya siku chache nao unataka daktari. Anaweza kuyavuta maji kwa sindano safi na kuyapima. Mtu asijaribu kulitoboa goti nyumbani.