Mbona mlikagua vocha 60 pekee? Vile sampuli ya ukaguzi inachaguliwa

Kila msimu ripoti za ukaguzi wa hesabu zikianza kusomwa, simu zinazotufikia ofisini sisi wakaguzi wa pesa za umma ni zilezile, ati mbona wakaguzi walipitia vocha 60, yaani hati za malipo, na malipo yalikuwa elfu 40, kwani hizo zingine zilifichwa? Hasira naielewa, hiyo ni pesa yenu. Lakini mkishikilia idadi peke yake mnamwacha aliyekula akipita mlango wa nyuma.

Twende Nyamakima kwanza, kule Nairobi kunakouzwa nafaka. Mnunuzi wa mahindi akiletewa magunia mia hayamwagi yote chini, anachukua bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea punje, anadunga, anatoa punje anaangalia unyevu na wadudu. Na yule mzoefu hadungi yale ya mbele tu aliyosukumiwa na muuzaji, na akidunga anafika mpaka chini ya gunia, kwa sababu anajua makavu yanawekwa juu na yaliyolowa yanakaa chini. Basi ndio kazi yetu hiyo. Sampuli ikichaguliwa na anayekaguliwa, hata iwe vocha elfu 5, haina maana yoyote. Ndio maana namba zinatolewa na kompyuta kwa bahati nasibu, na afisa wa hesabu anapata orodha ya zilizochaguliwa wakati tayari hawezi kubadilisha kitu.

Sasa hiyo idadi. Tuseme kati ya kila malipo 100, matano yana kasoro. Ukichota vocha 60 kwa nasibu, uwezekano wa zote 60 kutoka safi ni chini ya 5 kwa 100. Na hesabu hiyo inabaki karibu vilevile malipo yakiwa elfu 4 ama elfu 40, na hapa ndipo watu hunikatalia kabisa, mtu anasisitiza lazima tukague asilimia 10 ya kila kitu. Hakuna kanuni kama hiyo, nimesema kwenye mikutano mpaka nimechoka. Ukubwa wa sampuli unatokana na kosa kiasi gani linaweza kuvumiliwa, hatari iko wapi, na unataka uhakika wa kiwango gani. Lakini pia nisiwadanganye: kama kasoro ni moja kwa kila 100, hizo vocha 60 zitatoka safi zaidi ya nusu ya mara, ukitaka kuinasa kwa uhakika wa asilimia 95 unahitaji karibu 300. Kwa hivyo ripoti safi haisemi hakuna senti iliyopotea, na mkaguzi hajawahi kusema hivyo.

Kwa malipo ya pesa nyingi kuna njia nyingine ambapo hatuchagui vocha, tunachagua shilingi. Chukua malipo ya jumla ya milioni 40, unayapanga kwenye mstari, unaanzia mahali pa nasibu, tuseme shilingi ya 173,250, halafu unaruka laki 5, unachukua ya 673,250, unaruka tena hivyo mpaka mwisho. Unapata miruko 80, na kila vocha iliyobeba shilingi uliyoangukia inafunguliwa. Malipo yoyote ya laki 5 kwenda juu hayawezi kurukwa, yataguswa tu. Kwa hivyo anayesema tuliacha tenda kubwa tukafukuzana na risiti za chai, hapana, si hivyo inafanyika.

Ingine ni hii ya “kosa lenyewe ni elfu 30 tu.” Tumekagua sampuli ya basari ya thamani ya laki 6, tukapata elfu 30 zimelipwa wanafunzi ambao hawako shuleni. Hiyo ni asilimia 5. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi, ISA 530, kinatutaka tukadirie kosa hilo kwa jumla yote, na kama basari yote ni milioni 40 basi tunaongea kuhusu milioni 2 hivi. Kurudisha elfu 30 hakufungi hoja, tafadhali, msije ofisini na hiyo risiti ya benki mkidhani tumemalizana.

Na faili zinazopotea. Hundi iliyofutwa kihalali inaweza kubadilishwa na nyingine, hiyo ni sawa. Lakini vocha iliyochaguliwa ikikosekana, ati iko kwa afisa aliyehamishwa, hatuchukui ya jirani yake. Kama hakuna njia nyingine ya kuthibitisha malipo hayo, yanahesabiwa kama kosa, na yanaingia kwenye makadirio kama kosa lingine lolote. Hesabu za mwaka unaoisha Juni 30 zinatufikia ndani ya miezi 3, na Katiba ya Kenya kifungu cha 229 inampa Mkaguzi Mkuu miezi 6 kutoka mwisho wa mwaka huo kutoa ripoti, yaani Desemba 31, kisha Bunge au bunge la kaunti lina miezi 3 ya kuijadili na kuchukua hatua. Na kifungu cha 226 ibara ya 5 kinasema mwenye ofisi ya umma, hata ya kisiasa, akiidhinisha pesa itumike kinyume cha sheria atalipa hiyo hasara, awe bado ofisini au ameshaondoka. Kwa hivyo kukaa na faili mpaka muda uishe hakumwokoi mtu.

Swali ambalo ningependa mniulize, na halijawahi kuulizwa hata mara moja, ni sampuli ilichotwa kutoka orodha gani. Tukitafuta mfanyakazi hewa tunaanzia kwa orodha ya mishahara, tunatoka nje kumtafuta huyo mtu uso kwa uso. Lakini ushuru wa soko ambao haukuandikwa popote hauwezi kupatikana ndani ya leja, kile kitabu cha hesabu, hata uikague yote, kila mstari. Hapo lazima tugeuze njia, tuingie masoko kama Gikomba au Muthurwa, tuchague vibanda kwa nasibu, tumwombe mama atuonyeshe risiti ya leo, halafu ndio turudi kuitafuta kwa vitabu vya kaunti. Risiti hiyo watu wanaitupa hata jioni haijafika, au wanakubali kulipa bila kupewa, na mkaguzi akifika kibandani hana cha kufuata.