Je, wajua telefone inaweza kumukinga mutu asijiue namna gani?

Wengi tukisikia ati teknolojia inakinga watu wasijiue, tunawaza mashini inayosoma roho ya mutu na kusema huyu kesho atajiua. Haiko hivyo. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti 365 za miaka kama 50, wakakuta kukisia nani atajiua kunapita kubahatisha kidogo tu!

Sasa data ina faida gani? Inaonyesha watu wanakufia wapi, na kwa kitu gani. Kule Sri Lanka walihesabu vifo wakaona dawa chache za shamba, zile kali sana, njo zilikuwa zinamaliza watu, serikali ikazipiga marufuku moja moja na kati ya 1995 na 2015 kiwango cha kujiua kikashuka karibu 70%, na mavuno hayakuanguka. Juu ile hamu ya kufa mara nyingi inapanda kwa nguvu alafu inashuka, inaweza kuwa ni masaa tu, na mutu akikosa sumu karibu yake anapata muda wa kuivuka.

Lakini kitu kinachonigusa zaidi ni telefone ya kawaida kabisa, hata ile ya matofari. OMS, Shirika la Afya Duniani, ilifuata watu 1.867 waliofika hospitali baada ya kujaribu kujiua, katika muji mumoja mumoja wa Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Kundi moja lilitunzwa kama kawaida, lingine likaongezewa saa moja ya mazungumuzo kisha likafuatwa mara 9 ndani ya miezi 18, kwa kupigiwa ao kutembelewa: uko aje, unalala, unahitaji nini? Basi! Matokeo yalitoka 2008: kundi la kawaida lilipoteza 2,2% kwa kujiua, lile lililofuatwa 0,2%. Zile mara 9 zina kalenda yake, wiki ya 1, ya 2, ya 4, ya 7, ya 11, alafu miezi ya 4, 6, 12 na 18, mwanzoni karibu karibu juu hapo njo hatari iko kubwa.

Huko Marekani kuko Crisis Text Line, huduma ya musaada kwa meseji: tangu 2013 unaandika meseji, kompyuta inamupitisha mbele mwenye hatari kubwa, lakini anayemujibu ni mutu.

Hapa Goma tumepitia volkano ya Nyiragongo ya 2021, kambi za wakimbizi, vita ya Januari 2025, na telefone tunazo, hata mwenye hana unité anabipa. Kalenda ile ya mara 9 muuguzi anaweza kuiweka kwenye alarme ya simu yake. Kinachokwamisha ni kuandika: zoni za afya zinapeleka takwimu kila mwezi kwenye programu ya DHIS2, sasa kama kwenye rejista wameandika tu "sumu", ao familia kwa haya imesema "ni ajali", yule mutu haonekani kwenye hesabu yoyote na hakuna atakayemupigia wiki ya kwanza. Na miye naona familia haina kosa, juu jina likivuja kwenye kartiye watoto wake wataonyeshwa kidole, kwa hiyo kituo kitumie namba ya siri kwenye fomu, jina libaki kwa muganga peke yake.

Kama kuko mutu unayemuogopea leo, muulize waziwazi kama anawaza kujiua, kuuliza hakumutii wazo kichwani. Usimuache peke yake, toa sumu na dawa nyumbani, umusindikize: Goma kuko kituo Tulizo Letu, Bukavu kuko kituo SOSAME, vyote vinaongozwa na Ba-Frère wa Charité, wanatunza magonjwa ya akili na huzuni kali. Akirudi nyumbani, andika zile tarehe 9 na umupigie.