Kolabo isiyo na jina la bendi jaladani

Wasanii wengi wanaofika kwenye dawati letu la hakimiliki huja na flashi mkononi na swali moja: wimbo uko tayari, sasa jina la nani litangulie? Hapo huwa nawaonyesha jalada la Mirror Ball, albamu ya mwaka 1995. Msanii anayetajwa ni Neil Young. Pearl Jam, bendi iliyompigia, haimo.

Young, mzaliwa wa Toronto, alikuwa na miaka 49, mkongwe wa roki. Pearl Jam ya Seattle haikuwa imetimiza miaka mitano, lakini ilikuwa inauza kuliko mzee. Walishazoeana. Mwaka 1993 walipiga pamoja jukwaani kwenye tuzo za video za MTV, na Januari 1995 mwimbaji wa bendi hiyo, Eddie Vedder, ndiye aliyemkaribisha Young kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki. Wiki mbili baadaye walikuwa studio, Seattle, chini ya prodyuza Brendan O'Brien. Albamu nzima ilirekodiwa kwa siku nne. Siku nne! Kuna vijana nimewaona wakizimaliza wakibishana nani aanze ubeti.

Ugumu haukuwa kwenye gitaa, ulikuwa kwenye karatasi. Young alikuwa chini ya Reprise, lebo ya Warner. Pearl Jam walikuwa Epic, ya Sony. Msanii akisaini mkataba wa kurekodi kwa lebo moja tu, mara nyingi jina lake la kisanii nalo huingia humo, hawezi kumwazima mshikaji jina hilo kwa kupeana mikono tu. Ndiyo maana ndani ya Mirror Ball wapigaji wametajwa mmoja mmoja: Stone Gossard na Mike McCready kwenye magitaa, Jeff Ament besi, Jack Irons drams. Desemba mwaka huohuo Pearl Jam wakatoa Merkin Ball, nyimbo mbili zilizotokana na kazi hiyo. Young anasikika humo. Jaladani, safari hii, yeye ndiye asiyeonekana.

Sasa tofautisha jina na haki, maana hapa ndipo watu hugombana. Karibu nyimbo zote za Mirror Ball ni utunzi wa Young peke yake. "Peace and Love" aliitunga na Vedder. Mtunzi ana hakimiliki ya wimbo. Aliyepiga besi bila kutunga hapati fungu la utunzi, ila upigaji wake una ulinzi wake, ambao sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inauita hakishiriki. Rekodi yenyewe nayo ina mwenyewe, mara nyingi aliyeigharamia. Kwa hiyo jina linaweza kukosekana jaladani na haki ikabaki palepale, na mwingine akaandikwa kwa herufi kubwa bila kumiliki hata ubeti.

Ushauri wangu ni karatasi moja kabla maiki haijawashwa: nani katunga na kwa asilimia ngapi, nani kapiga nini, rekodi ni ya nani, majina yatakaaje. Na kama mmoja wenu ana lebo, barua ya ruhusa itangulie. Ukiitafuta baada ya wimbo kupanda mtandaoni, lebo ndiyo itakayopanga bei.