Dehestani: jinsi ya kusoma anwani ya kijiji cha Iran

Ukitafuta habari za kijiji kidogo cha Iran, mara nyingi unachopata ni mstari mmoja mkavu: kijiji fulani, dehestani fulani, tarafa fulani, wilaya, mkoa, halafu idadi ya watu ya sensa. Chukua Abyaneh, kijiji cha nyumba za udongo mwekundu chini ya mlima Karkas. Kiko dehestani ya Barzrud, Tarafa ya Kati, wilaya ya Natanz, mkoa wa Isfahan. Sensa ya 2006 ilihesabu watu 305 katika kaya 160.

Mtanzania hapati shida na ngazi hizo. Ostan ni mkoa, shahrestan ni wilaya, bakhsh ni tarafa, na dehestan inakaa pale tunapoweka kata. "Deh" ni kijiji kwa Kiajemi, na "-estan" ni mahali penye kitu fulani, kwa hiyo jina lenyewe lina maana ya "penye vijiji": kundi la vijiji na mashamba yaliyo jirani, yanayotegemeana, na kimojawapo kikiwa makao. (Tusijione wageni sana hapa. Neno letu "serikali" nalo lina asili ya Kiajemi, kutoka "sarkar", na "bandari" vilevile.)

Mfumo huu wa ngazi una mizizi katika sheria ya 1937. Inayotumika sasa ni ya 1983, na ndiyo inayosema kijiji ni nini: pawe na angalau kaya 20 au watu 100, wawe wamekaa pamoja au wametawanyika, na wengi wa wakazi wa kudumu waishi kwa kilimo, mifugo, bustani au kazi za namna hiyo. Sheria inakiita kijiji kitengo cha kuanzia. Ngazi nyingine zote zinajengwa juu yake.

Lakini orodha ya sensa haifuati kipimo hicho. Yenyewe huhesabu "abadi", yaani kila mahali penye jina nje ya miji: shamba la mtu mmoja, kituo cha barabarani, machimbo, hata kijiji kilichohamwa. Ndiyo maana utakuta jina lenye anwani kamili na watu sifuri. Pengine utakuta jina lipo lakini idadi imefichwa, kwa sababu kaya ni chache mno na kutangaza hesabu ni sawa na kutangaza habari za familia moja inayojulikana na jirani wote.

Rudi Abyaneh ugawanye 305 kwa 160. Inatoka chini ya watu wawili kwa kaya. Hiyo si idadi ya kijiji chenye watoto. Ni mzee na mkewe, au bibi peke yake na mtandio wake mweupe wenye maua. Vijana wako Tehran na Isfahan. Ukifika Nowruz, yaani mwaka mpya wa Kiajemi, au siku ya Ashura, wanapobeba nakhl, lile jeneza la mfano la mbao, vichochoro vinajaa watu mpaka ushangae hiyo 305 ilitoka wapi. Ilitoka kwenye hesabu ya wanaoishi pale kwa kawaida, na sensa ile ilifanyika majira ya vuli, wageni wakiwa wamekwisha ondoka.

Kinachopotosha wengi ni kudhani kwamba hadhi hufuata ukubwa. Masuleh, mkoani Gilan, ilikuwa na watu 554 mwaka 2006 na 393 mwaka 2016, nayo ni mji kisheria, wakati viko vijiji vyenye maelfu ya watu ambavyo bado ni vijiji. Tofauti si ya heshima tu. Mji una manispaa na meya. Kijiji kina baraza la kuchaguliwa, lililopigiwa kura kwa mara ya kwanza 1999, na mtendaji aitwaye dehyar, ambaye hushughulika na taka, njia na vibali vya ujenzi. Zamani kazi ya kukisemea kijiji ilikuwa ya kadkhoda, mtu ambaye mara nyingi alikuwa wa mwenye ardhi kuliko wa wanakijiji.

Kwa hiyo ukikutana na mstari kama ule wa Abyaneh, tazama mwaka wa sensa kwanza, kisha gawanya watu kwa kaya. Majina ya dehestani na tarafa yasome mwisho, maana mipaka yake hukatwa upya mara kwa mara, na kijiji kinaweza kubadili wilaya bila jiwe lake hata moja kusogea.