Tathmini ya gredi ya tatu: mtoto hawezi kuifeli

Muhula ukikaribia kufungwa hapa Kisumu, kuna maneno matatu ambayo lazima uyasikie. "Wiki ijayo watoto wana mtihani wa tathmini." "Huyu wangu amefeli tathmini." Na la mzazi anayejiona yuko mbele ya wenzake: "Wangu ni EE," yaani amezidisha matarajio, kiwango cha juu kabisa. Mawili ya kwanza yanasemwa kila mahali, kuanzia stejini Kondele hadi soko la Kibuye. La tatu, nasikitika kusema, mara nyingi huanzia kwetu sisi walimu.

Maana kwanza, haraka haraka. Tathmini ya darasani ni kukusanya ushahidi wa kile mtoto anachoweza na asichoweza kufanya kwa sasa, ili mwalimu ajue amfundishe nini baadaye na kwa njia ipi. Basi. Ushahidi huo hutoka kwenye daftari, mdomoni, mikononi, uwanjani, na ndiyo, hata kwenye karatasi ya maswali. Sijasema karatasi ni dhambi. Mtihani unaweza kuwa chombo kimojawapo cha tathmini. Kinachotenganisha tathmini na mashindano ni kile kinachofanyika matokeo yakishapatikana. Yakitumika kuwapanga watoto kutoka wa kwanza hadi wa mkia, hayo ni mashindano, yape jina utakalo. Yakibadilisha somo la Jumatatu, hiyo ni tathmini. Ndiyo maana nasema mtoto hawezi kuifeli. Anayeweza kuifeli ni mwalimu aliyekusanya ushahidi wote huo kisha akaufungia kabatini.

Mazoea ya "namba ngapi" najua yalikotoka. Tangu 1985 hadi 2023 tulikuwa na KCPE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, na katika miaka yake ya mwisho mtoto wa darasa la nane alipimwa kwa alama 500. Aliyepita mia nne alibebwa mabegani, akaimbiwa, akachinjiwa kuku. Aliyepata mia mbili alijificha kwa nyanya yake mpaka vumbi litulie. Mzazi aliyelelewa na mfumo ule hawezi kuamka asubuhi moja akaacha kuuliza mtoto amekuwa wa ngapi, na simlaumu. Lakini wakubwa kati ya watoto walioanza na mtaala wa umilisi (CBC) ulipoingia shule zote Januari 2019, wale waliokuwa gredi ya tatu, wameshamaliza sekondari ya chini. Walifanya KPSEA, tathmini ya mwisho wa gredi ya sita, mwaka 2022, na KJSEA, ya mwisho wa gredi ya tisa, mwaka 2025. Hesabu ya kuwapeleka sekondari ya juu ilitangazwa wazi: asilimia 20 kutoka KPSEA, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane, na asilimia 60 kutoka KJSEA. Itafute gredi ya tatu humo. Haimo.

Sasa mtu ataniambia, "Mwalimu, lakini kuna KEYA." Ipo. Ni tathmini ya mwisho wa gredi ya tatu inayotoka kwa Baraza la Mitihani, na huenda jina la Baraza lenyewe ndilo linalowatisha watu. KEYA haimchagulii mtoto shule wala haimzuii kwenda gredi ya nne. Inaonyesha miaka mitatu ya mwanzo imemwacha wapi katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Kumpeleka mtoto wa miaka minane tusheni ya usiku kwa ajili ya KEYA ni kumnyima usingizi bure.

Hayo nayavumilia. Linaloniudhi hasa ni lile la EE.

Mtaala unatumia viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Kila kiwango kimefungwa kwenye jambo moja ambalo mtoto alitarajiwa kulifanya. Mtoto amefikia matarajio katika kusoma kifungu kwa ufasaha. Mtoto amekaribia matarajio katika kugawanya. Kiwango kinaeleza kazi ile, siku ile. Hakuna mtoto ambaye ni EE, kama vile hakuna mtoto ambaye ni kugawanya.

Tumefanya nini badala yake? Shule moja niliyowahi kufundisha, sitaitaja, iligeuza viwango vikawa nambari: kuzidisha nne, kufikia tatu, kukaribia mbili, mbali moja. Zikajumlishwa, zikatafutiwa wastani, orodha ikabandikwa mlangoni, na mwenye wastani mkubwa akaitwa mbele apigiwe makofi. KCPE ilikuwa imerudi, imevaa sare mpya. Hebu fuata hesabu yenyewe uone inavyodanganya. Mtoto wa kwanza amezidisha matarajio katika kusoma na yuko mbali katika kupima: nne na moja, wastani mbili na nusu. Wa pili amekaribia katika kusoma na amefikia katika kupima: mbili na tatu, wastani mbili na nusu. Kwenye orodha ile wako sare. Darasani, Jumatatu asubuhi, hakuna somo moja linalowafaa wote wawili. Wa kwanza anahitaji maji, chupa na muda wa kuchezea. Wa pili anahitaji kitabu na mtu wa kukaa naye. Wastani umefuta jambo lile lile tulilokuwa tukilitafuta.

Niwaonyeshe jinsi inavyokuwa wiki ikiwa kazini. Gredi ya tatu ina vipindi 31 kwa wiki, kila kimoja dakika 30. Vitano ni vya Hisabati. Wiki moja tulikuwa kwenye lita. Jumatatu tulizungumza tu: nani huchota maji nyumbani, kwa chombo gani, mtungi mkubwa unajaza sufuria ngapi. Jumanne nikawapa swali daftarini: jerikeni ya lita tano itajazwa na chupa ngapi za lita moja? Karibu wote waliandika tano. Ningekomea hapo, ningeweka vema na kufunga ukurasa.

Jumatano tulitoka nje na jerikeni za mafuta ya kupikia zilizooshwa, chupa za maji za lita moja, na ndoo. Mvulana mmoja, aliyekuwa ameandika tano bila wasiwasi, akaanza kumimina huku akihesabu kwa sauti. Sita. Akarudia. Sita tena, na jerikeni ndiyo kwanza imejaa. Nilimwangalia mkono. Kila mara alikuwa akijaza chupa hadi kwenye bega lake, pale inapoanza kuwa nyembamba, kisha anamimina. Kwake yeye chupa ilikuwa imejaa. Alijua kwamba tano ndilo jibu, ila hakujua kwamba kipimo lazima kiwe sawa kila mara, na hilo ndilo kupima kwenyewe. Niliandika mstari mmoja kwenye daftari langu: "anahesabu vizuri, hajazi kifaa." Sikumwambia amekosea. Nilimpanga na msichana aliyekuwa akijaza hadi ukingoni, nikawaambia watafute kwa nini mmoja anapata tano na mwingine sita. Walibishana hadi kengele ikalia. Maji tulimwagilia sukuma.

Mstari ule mmoja ndio tathmini. Haukuwa na alama, haukupigwa muhuri, na ulibadilisha vipindi viwili vilivyobaki vya wiki ile, kwa sababu nilipochungulia vikundi vingine nikakuta mabega ya chupa ni mengi.

Kinyume chake pia kipo. Karatasi nyingi tunazoletewa za kufungua muhula, za katikati na za kufunga hununuliwa zikiwa zimechapishwa tayari, na za Hisabati huja kwa Kiingereza. Serikali inasema gredi tatu za mwanzo zifundishwe kwa lugha ya eneo shule ilipo: Dholuo huku kwetu ukitoka nje ya mji, Lubukusu ukifika Bungoma, Kiswahili kwenye mitaa yenye mchanganyiko kama Nakuru mjini. Kisha karatasi inamuuliza mtoto kwa Kiingereza cha mafumbo kuhusu chenji. Nina msichana ambaye Jumamosi humsaidia nyanya yake kuuza omena. Mpe mia mbili kwa omena ya mia na thelathini, atakurudishia sabini kabla hujafunga mkoba. Kwenye karatasi aliacha nafasi wazi. Ukisema amefeli hesabu, umesema uongo. Karatasi ilipima kusoma Kiingereza, na hatukuwa tukikitafuta hicho.

Na kwa kuwa nimeanza, vile vipindi saba vya Shughuli za Ubunifu ambavyo wazazi hunilalamikia kwamba "wanacheza tu", navyo vinatathminiwa. Mtoto anayeruka kamba huku akihesabu kwa mbili-mbili, anayegawa zamu bila vita, anayeshindwa kufuata mdundo wa ngoma kwa sababu hasikii vizuri sikio moja. Hilo la mwisho sikulipata kwenye karatasi yoyote. Lilionekana uwanjani, mzazi akaambiwa, mtoto akapelekwa hospitali.

Sitadai ni rahisi. Ukiwa na watoto sitini na kitu huwezi kumwangalia kila mmoja kila kipindi, na anayekwambia anaweza anakudanganya. Mimi huchagua meza moja kwa siku. Wengine nawatazama, lakini meza ile ndiyo ninayoiandikia. Hadi Ijumaa nimezunguka meza zangu, na mipango ya wiki inayofuata huandikwa daftari lile likiwa wazi pembeni.

Mzazi akisema haelewi, humkumbusha kadi ya kliniki. Mtoto mchanga alipimwa uzito mwezi baada ya mwezi, nesi akachora nukta, akatazama kama mstari unapanda. Mstari ukilala, mama alipewa ushauri wa chakula au akaambiwa arudi mapema. Hakuna mama aliyewahi kuuliza, "Sista, amekuwa namba ngapi kwa kilo?" Wala hakuna mtoto aliyefeli mizani.

Mama mmoja aliniuliza juzi, kwa heshima zote, "Mwalimu, sasa mimi nitajuaje kama anasoma au ananidanganya?" Swali zuri kuliko la namba ngapi, na jibu lake lipo. Ukija siku ya kufunga shule, Mama, uliza hivi: ni jambo gani amelikaribia lakini hajalifikia, na tutalifanyia nini muhula ujao? Mwalimu mwenye ushahidi atakutajia jambo lenyewe: kupima, kugawanya, kusoma bila kufuata kidole. Hilo unaweza kulifanyia kazi nyumbani kwa chupa ya maji na ndoo, bila tusheni. Jirani naye akikuuliza kuhusu matokeo, usimwambie amefeli tathmini, mwambie kusoma amefikia, kupima bado anakaribia. Na mwalimu akikujibu kwa herufi mbili tu, mwombe taratibu akufungulie daftari lake.