Madaktari weusi wa Karibi walichaguliwa kabla ya uhuru

Ujumbe unaozungushwa kwenye makundi ya soga unadai kuwa katika makoloni ya Uingereza huko Karibi, daktari mweusi hakuweza kuwa mwanasiasa wa kuchaguliwa hadi uhuru. Si kweli. Jamaika, iliyopata uhuru 1962, ilimchagua daktari mweusi mzaliwa wa Bahamas kwenye baraza la kutunga sheria mwaka 1906. Barbados nayo ilimchagua daktari aliyesomea Edinburgh, 1932.

Mkanganyiko unaeleweka: kura ilifungwa kwa mali na kipato, na gavana ndiye aliyeshika mpini. Jamaika ilipata kura ya watu wazima wote mwaka 1944 tu. Linganisha tarehe za chaguzi na za uhuru, utajionea. Ukiletewa ujumbe huo, usiusambaze.